Somo la Familia: Mtoto Akikwamwa na Kitu Kooni



Jumapili moja baada ya ibada, mtoto wa miaka miwili alikwamwa na karanga. Mmoja wetu alikimbilia maji, mwingine akamtia kidole kooni. Sote tulimpenda, lakini hatukujua la kufanya. Mama mmoja alimwinamisha, akampiga mgongoni, karanga ikatoka. Tangu siku ile tumeona vema kila nyumba ijifunze, maana zahanati iko mbali na pumzi haingoji.

Kwanza tumtazame. Akikohoa kwa nguvu au akilia, hewa inapita. Tumwache akohoe, tukae naye. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, tutende mara moja, na mwingine aite msaada.

Mtoto aliyepita mwaka 1:
1. Mwinamishe mbele, umpige kwa nguvu mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja.
2. Kisipotoka, piga magoti nyuma yake. Weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu mara 5.
3. Rudia yote mawili mpaka kitu kitoke.

Mtoto chini ya mwaka 1:
1. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, ukishika taya yake. Mpige mgongoni mara 5.
2. Mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Tumbo usilibonyeze kamwe, utamuumiza ndani.
3. Rudia.

Akizimia, mlaze chali mahali pagumu. Bonyeza katikati ya kifua mara 30, kisha mpulizie pumzi 2 kinywani. Endelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Ukiona kitu mdomoni, kitoe. Usichokiona usikitafute kwa kidole, utakisukuma ndani zaidi. Maji pia tusimpe.

Hata akipona, apelekwe zahanati, hasa aliyebanwa tumbo.

Tuzuie pia. Wadogo wa chini ya miaka 5 tuwapondee karanga, wala tusiwape mahindi ya kukaanga. Wale wakiwa wameketi, si wakikimbia. Vifungo, shanga na sarafu viwekwe juu.

Wiki hii tujizoeze nyumbani kwa kitenge kilichoviringishwa, si kwa mtoto mzima. Baba, mama, hata kaka na dada wakubwa wanaobaki na wadogo, wote wajue.

Bwana awalinde watoto wetu.