SOMO LA AFYA: VIJIDUDU KATIKA MKOJO NA KATIKA DAMU

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba kuonekana kwa vijidudu aina ya bakteria katika mkojo kuna maana zaidi ya moja, na maana hiyo hutegemea ni kijidudu gani kilichoonekana.

Mara nyingi safari huanzia chini. Kijidudu kiitwacho Escherichia coli, ambacho makaazi yake ni utumbo mpana, huingia katika njia ya mkojo, hupanda hadi kwenye kibofu, na pengine hufika kwenye figo. Figo hupokea kiasi cha sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo. Kijidudu kilichokwishafika huko hakiko mbali na damu. Mgonjwa hupata homa kali, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Waangaliwe zaidi wajawazito, wazee wenye tezi iliyokua na wagonjwa waliotiwa mpira wa mkojo.

Lakini safari huweza kwenda kinyume. Staphylococcus aureus, kijidudu cha majipu, si mkaazi wa kawaida wa kibofu. Kikionekana katika mkojo wa mtu asiyetiwa mpira, hushukiwa kuwa kimetoka katika damu na kupitia kwenye figo. Damu nayo haina budi kupimwa, kwani huenda hata vali za moyo zimekwishashambuliwa. Kumtibu mtu huyo maradhi ya kibofu pekee ni kumwacha hatarini.

Visiwani ipo pia kichocho. Vijidudu vya salmonela huweza kujibandika kwenye minyoo ya kichocho iliyomo katika mishipa ya damu na kuiepa dawa. Homa ikarudi kila baada ya matibabu, hadi minyoo yenyewe itibiwe kwa prazikwanteli.

Kinachoharibu kazi ya maabara ni dawa kunywewa kabla ya vipimo. Vidonge vichache vya antibaiotiki vilivyonunuliwa dukani huweza kuzuia vijidudu kuota, majibu yakatoka safi ilhali mgonjwa yu taabani. Mwenye homa na kutetemeka aende kituo cha afya mapema, na aseme alichokunywa. Mkojo wa mwanzo umwagwe, wa katikati ukingwe katika chombo safi na ufikishwe maabara ndani ya saa 2. Aliyezidiwa hangojeshwi majibu: damu na mkojo huchukuliwa, kisha dawa huanzwa papo hapo.