Ruzuku kwa Makundi ya Kijamii: Somo kwa Wakazi wa Mosocho

Makundi mengi ya kijamii huanzishwa kwa nia njema: kuwalipia watoto yatima karo, kuwatunza wazee, au kulinda chemchemi ya maji. Mfadhili akipatikana, kazi huenda kwa kasi. Fedha zikiisha, husimama, na anayeumia ni mtoto aliyerudishwa nyumbani katikati ya muhula. Somo hili linaeleza ruzuku ni nini, na namna ya kuipokea bila kuitegemea.

Ruzuku si mkopo

Ruzuku hutolewa kwa kazi maalumu na hairudishwi. Fedha za Hazina ya Uwezo na za Hazina ya Wanawake ni mikopo; lazima zilipwe. Hata hivyo, ruzuku ina masharti yake. Kundi hutoa ripoti na risiti, na likitumia fedha kwa kazi nyingine laweza kudaiwa.

Wakfu wa jamii

Nchini Kenya, mfano unaojulikana ni Kenya Community Development Foundation (KCDF), iliyoanzishwa mwaka wa 1997 kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation. Pamoja na kutoa ruzuku, wakfu huu huhimiza jamii ichangie kazi yake na ijiwekee akiba ya kudumu.

Wazo hili si geni kwa Abagusii. Katika egesangio, majirani walilima shamba la kila mmoja kwa zamu. Aliyetaka kusaidiwa alifika kwanza na jembe lake.

Hesabu ya akiba

Chukua mfano wa kundi la watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi. Kwa mwaka hupata shilingi 48,000. Mfadhili akiongeza shilingi moja kwa kila shilingi ya kundi, jumla ni 96,000. Zikilipa karo zote, mwaka unaofuata mfuko ni mtupu.

Zikiwekwa kwenye akiba yenye faida ya asilimia 10, kwa mfano, mwaka huleta 9,600 za karo na mtaji unabaki. Wanachama wakiendelea kuchanga bila mfadhili, mwisho wa mwaka wa tano mtaji ni 288,000, na faida yake ni 28,800 kila mwaka. Si fedha nyingi, lakini mtoto aliyeanza kusaidiwa hataachwa njiani.

Kabla ya kuomba

1. Sajilini kundi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi na katiba ya kundi. Usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii.

2. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kundi, si la mwenyekiti wala la mweka hazina. Watia sahihi wawe zaidi ya mmoja.

3. Wekeni kumbukumbu za kila mkutano, na daftari la mapato na matumizi. Mwanachama yeyote aruhusiwe kulisoma.

4. Andikeni bajeti inayoonyesha mtakachotoa wenyewe. Kazi ya mikono, kiwanja na mawe vina thamani, viandikwe pia.

5. Elezeni kazi itaendeleaje ruzuku ikiisha. Kundi lisilo na jibu halijawa tayari kuomba.

Jihadharini na matapeli

Anayepiga simu akidai "ada ya fomu" ili kundi lipate ruzuku, msimtumie pesa. Ulizeni kwanza katika ofisi ya maendeleo ya jamii au kwa msimamizi wa wadi.

Kundi ambalo halijapata mfadhili lina la kufanya leo: kufungua daftari, kukubaliana kiwango cha mchango, na kuanza kuweka.