Jina Hufikaje Kwenye Karatasi ya Kura?

Huku kwetu Migori na Homa Bay utasikia watu wakisema: mchujo wa chama ukiisha, uchaguzi nao umekwisha. Mimi nasema bado! Hebu tuiangalie sheria.

Mlango wa kwanza ni chama. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 yataka chama kiwe na wanachama 1,000 walio wapiga kura katika kila kaunti, tena kaunti hizo zizidi nusu ya zote 47, yaani zisipungue 24. Chama cha kaunti zetu mbili tu hakisajiliwi.

Mlango wa pili ni wa mgombea huru. Kwa miaka mingi kabla ya Katiba ya 2010 ulikuwa umefungwa. Aliyekosa tiketi alihamia chama kingine ama alikaa nyumbani. Sasa anayewania uwakilishi wa wadi hudhaminiwa na wapiga kura 500, ubunge 1,000, useneta 2,000. Pia asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi.

Je, unapitika? Kule Homa Bay, Oyugi Magwanga (2017) na Evans Kidero (2022) waliwania ugavana kwa mlango huo. Hawakushinda, lakini mwananchi alipata la kuchagua.

Basi wenzangu, mkitimiza miaka 18 jiandikisheni. Asiye kwenye daftari hapigi kura, wala sahihi yake haimfikishi mtu debeni. Haba na haba hujaza kibaba!