Wingu Lililo Ardhini: Gharama ya Vituo vya Data



Tunapotuma picha za jubilei ya parokia kwa simu, tunaambiwa zimehifadhiwa "winguni". Lakini wingu hilo liko ardhini. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta ziitwazo seva, zinazofanya kazi usiku na mchana. Majengo hayo huitwa vituo vya data.

Mahitaji yake

Hitaji la kwanza ni umeme. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hugeuka kuwa joto, na unahitajika umeme mwingine wa kuliondoa joto hilo. Hitaji la pili ni maji. Vituo vingi hupoza mitambo kwa maji yanayogeuka mvuke na kupotelea hewani. Vingine hupoza bila kupoteza maji mengi, ila mara nyingi hutumia umeme zaidi.

Mfano wa Ireland

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takribani asilimia 1.5 ya umeme wote duniani. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Tatizo ni kwamba vituo hujengwa kwa wingi mahali pamoja. Nchini Ireland, mwaka 2015 vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa kwa mita. Mwaka 2023 vilifikia asilimia 21, wakati nyumba zote za mijini zilitumia asilimia 18. Kwa kuhofia upungufu wa umeme, Novemba 2021 mamlaka ya nishati iliweka masharti makali kwa vituo vipya vinavyoomba kuunganishwa.

Tujifunze nini?

Vituo hivi vinahudumia pia hospitali, shule na benki, hatuwezi kuvilaani. Swali ni la haki: nani anafaidika, na nani anabeba mzigo? Katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba utunzaji wa mazingira hautenganishwi na haki kwa maskini, na kwamba maji safi ni haki ya kila mtu. Basi kabla ya kituo kujengwa, majirani wana haki ya kujua kitatumia maji na umeme kiasi gani.

Maswali ya kujadili

1. Je, jumuiya yetu ingeuliza nini kama kituo cha data kingejengwa karibu na chanzo chetu cha maji?
2. Fadhila ya kiasi inatudai nini katika matumizi ya simu?