Cheti cha Msimamizi wa Kanzidata: Kinamfaa Nani?

Cheti cha taaluma humfaa zaidi msimamizi wa kanzidata ambaye bado hana kazi ya kuonyesha. Mwajiri akipokea wasifu wa mtu asiyemjua, atajuaje kama anaweza kumkabidhi seva yenye mishahara ya watumishi wote? Mchumi Michael Spence alilieleza hilo mwaka 1973: uwezo usipoonekana kwa macho, waajiri hutegemea ishara. Cheti cha Oracle au Microsoft ni ishara ya aina hiyo. Isitoshe, kampuni hizi za teknolojia zimezoea kuangalia idadi ya wafanyakazi wenye vyeti zinapowapandisha wabia wao daraja, na zabuni nyingi hudai vivuli vya vyeti. Kwa hiyo, kwa mwajiri aliye mbia wao au anayeomba zabuni, cheti chako kinamwingizia pesa pia, na una haki ya kumwomba akulipie ada ya mtihani.

Wapo wanaosema vyeti ni karatasi tu. Hoja yao ina uzito, hasa tukikumbuka yaliyoikuta kampuni ya GitLab tarehe 31 Januari 2017. Fundi aliyechoka alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Aliposhtuka, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Nakala rudufu zilizotegemewa hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2, lisilopatana na kanzidata ya toleo la 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya tukio. Mtihani wa kuchagua jibu hauonyeshi kama mtu ana tabia ya kujaribu nakala zake. Hata hivyo, mtaala wa cheti humlazimisha kusoma urejeshaji wa data, somo ambalo kazini huahirishwa kila wiki.

Malalamiko kwamba vyeti huchacha ni ya kweli nusu. Microsoft ilifuta mitihani ya vyeti vyake vya MCSA na MCSE Januari 2021, lakini cheti chake cha usimamizi wa kanzidata za Azure, huduma yake ya wingu, cha mwaka mmoja, huhuishwa mtandaoni bure. Pesa inayopotea kweli ni ya kununua maswali yaliyovuja, maana usaili wa vitendo humuumbua mtu mapema. Anayejiandaa atumie programu ya kanzidata ya PostgreSQL, isiyo na ada ya leseni: afute kanzidata ya majaribio, airejeshe, aandike dakika zilizotumika, kisha aambatanishe maelezo hayo na cheti anapoomba kazi.