MAYAI YAKIPUNGUA, HUENDA MAGONJWA NI MAWILI

Mfugaji akiona mayai yamepungua hutaka kujua jina la ugonjwa, na akisha kulipata moja huridhika. Hapo ndipo hasara huzidi, kwa maana virusi vya namna mbili huweza kukaa katika banda moja, hata ndani ya kuku mmoja.

Kwanza hakikisha kwamba chakula, maji na mwanga vinatosha, na kwamba kuku hawabadili manyoya. Kisha yatazame mayai yenyewe. Bronkaitisi ya kuku, yaani mafua yaletwayo na virusi, huharibu umbo la yai: ganda hukunjamana, na ukilivunja katika sahani ute wake huwa mwepesi kama maji. Ugonjwa wa kushuka kwa mayai, uliotambuliwa Uholanzi mwaka 1976, hutoa mayai yaliyopauka, yenye ganda laini au yasiyo na ganda kabisa, na huku kuku waonekana wazima. Kideri, katika kuku waliochanjwa, huenda kisilete shingo kupinda wala kinyesi cha kijani. Dalili yaweza kuwa upungufu wa mayai tu. Ukiona dalili za namna mbili pamoja, au dalili mpya baada ya zile za kwanza kutulia, shuku magonjwa mawili. Mahepe na Gumboro nayo hudhoofisha kinga ya mwili, hata chanjo ya kideri isishike vema. Wengi huilaumu chanjo bure.

Macho peke yake hayatoshi kukata shauri. Mwite Bwana Mifugo mapema, kwa sababu siku zikipita virusi huweza kutoweka kooni ingawa mayai yangali mabaya. Atapangusa koo na tundu la nyuma la kuku kadhaa kwa vijiti vya pamba, na kuvipeleka maabara katika sanduku lenye barafu. Damu hutolewa mara mbili, kwa nafasi ya wiki 2 au 3, ili ijulikane kama kingamwili zimepanda. Damu ya mara moja haisemi mengi, maana kuku aliyechanjwa anazo tayari. Kwa hiyo mpe tarehe za chanjo zote pamoja na daftari la mayai ya kila siku. Tena mkumbushe aandike magonjwa yote mnayoyashuku: maabara hupima kile ilichoombwa kupima.

Mnapongoja majibu usiuze kuku, usiingize wageni bandani, wala trei za mayai zisitoke banda moja kwenda jingine.