Kumbukumbu na Maradhi ya Kurudia-rudia Vitendo

Mtu hufunga mlango wa nyumba yake kwa ufunguo, hutembea hatua chache, kisha hurudi kuutikisa. Tendo hilo likifanyika mara moja ni hadhari tu. Lakini wako wanaorudi mara 10, mara 20 au zaidi, wakachelewa kazini na kuishiwa nguvu, ilhali wenyewe wanatambua kwamba jambo hilo limepita kiasi. Haya ni maradhi ya akili, nayo yanaweza kuitwa maradhi ya fikira na vitendo vya kushurutishwa. Fikira isiyotakiwa humvamia mgonjwa, naye hulazimika kutenda tendo fulani ili atulie. Wengine hunawa mikono bila kikomo. Wengine huhesabu au kupanga vitu.

Je, mgonjwa hurudi mlangoni kwa kuwa amesahau? Uchunguzi umeonyesha kwamba sivyo. Katika vipimo vya kukumbuka maneno, wagonjwa wengi hawapitani sana na watu wengine. Upungufu hudhihirika zaidi katika michoro. Kipimo kimoja hutumia mchoro wa mistari mingi uliobuniwa na André Rey wa Uswisi mwaka 1941. Anayepimwa huunakili, kisha huondolewa mchoro huo na kutakiwa auchore tena kwa kumbukumbu. Mwaka 1999, Cary Savage na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba wagonjwa waliunakili kipande kipande, pasipo kutanguliza umbo kubwa. Na kwa sababu hiyo walikumbuka machache. Kasoro haikuwa katika bohari, bali kwa mtunza bohari aliyepokea mzigo bila kuupanga.

Mtunza bohari huyo ni uwezo wa akili wa kujisimamia: kupanga kazi, kuzuia tendo lisilofaa na kuhama kutoka fikira moja hadi nyingine. Kazi hiyo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo na mawasiliano yake na sehemu za ndani. Hata hivyo, upungufu huu kwa kawaida si mkubwa, wala hauwapati wagonjwa wote.

Jambo la ajabu zaidi lilidhihirika mwaka 2003. Marcel van den Hout na Merel Kindt wa Uholanzi waliwachukua wanafunzi wenye afya, wakawapa jiko la gesi lililochorwa katika kompyuta. Kundi moja lilihakikisha mara 20 kwamba jiko limezimwa. Kundi jingine lilihakikisha taa. Mwishoni wote waliulizwa kuhusu jiko. Usahihi wa kumbukumbu zao ulilingana, lakini waliokuwa wakihakikisha jiko walisema kwamba kumbukumbu yao imefifia na hawaiamini tena. Kwa hiyo, kurudia hakuondoi shaka, bali huizalisha. Mgonjwa hupungukiwa na imani zaidi kuliko kumbukumbu.

Hapa ndipo ilipo faida ya elimu hii kwa jamaa wa mgonjwa. Kumwambia kila mara, "Mlango umefungwa," humtuliza kwa dakika chache tu, kisha shaka hurejea. Kumkemea nako hakumsaidii. Tiba ambayo msingi wake uliwekwa na Victor Meyer mjini London mwaka 1966 humwongoza mgonjwa, kwa hiari yake na hatua kwa hatua, akabili hofu yake bila kutenda lile tendo. Zipo pia dawa zinazosaidia. Mgonjwa hujifunza kuondoka mlangoni akiwa bado na shaka, na shaka hiyo hupungua pole pole bila kuhakikishwa.